Krofishi mbali na Louisiana: inategemea mwezi

Ndugu, umeuliza kama mkahawa wa vyakula vya bahari vya Kusini mwa Marekani hapo Minneapolis unastahili hela yako, na kama krofishi ni wabichi kweli. Krofishi, wale wanaofanana na kambakoko wadogo wa maji baridi, wengi hutoka jimbo la Louisiana huko Kusini na msimu wao ni kama Januari hadi Juni, hasa Machi na Aprili. Wakati huo husafirishwa wakiwa hai hata hadi huko kwenye theluji. Ukienda Oktoba, utaletewa wa barafu, nyama imelegea kama pamba. Mimi niliwahi kulizwa hivyo, tena kwa bei ya kutisha.

Nje ya msimu agiza kambare wa kukaanga aliyepakwa unga wa mahindi. Huyo hakosei, maana hufugwa mabwawani katika jimbo la Mississippi mwaka mzima.

Gambo, mchuzi wao mzito, nayo ijaribu. Jina lenyewe linaaminika kutoka Kimbundu cha Angola, ki ngombo, yaani bamia. Mlenda ule ule wa nyumbani, ila umetiwa rojo la unga uliokaangwa hadi ukawa wa kahawia. Na "grits" zao usitishwe na jina, ni uji mzito wa mahindi uliopigwa siagi.

Kama huli nguruwe, muulize mhudumu kabla ya kuagiza. Soseji ya andouille kwa kawaida ni ya nguruwe, na hutiwa kwenye gambo na hata kwenye sufuria ya krofishi pamoja na viazi na mahindi.