Modeli ilisema gesi ni nafuu, Mbagala bado wananunua mkaa wa kopo

Mkuu, umeuliza tasnifu yako ya sera ya nishati ya kupikia uifanye kwa LEAP au OSeMOSYS, programu za kompyuta za kutengeneza modeli za nishati. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

LEAP ya Stockholm Environment Institute kimsingi ni daftari: unaingiza idadi ya kaya, majiko na matumizi, nayo inakupa mahitaji ya miaka ijayo. OSeMOSYS inatafuta mchanganyiko wa gharama ndogo kuliko yote ndani ya masharti uliyoweka. Zote zinafaa. Mimi nilianza na hiyo ya pili nikakwama.

Nililinganisha gharama za mwaka. Gesi ikaushinda mkaa, na ndani ya miaka michache modeli ikahamishia karibu kaya zote za Dar kwenye gesi. Msimamizi wangu alipoona grafu akaniambia nikakae kwanza jikoni kwa watu.

Nikaenda Mbagala. Kwa mama mmoja muuza vitumbua nikakuta mtungi wa kilo 6 uko pembeni, umefunikwa kitambaa, mtupu tangu mwezi uliopita. Maharage yalikuwa yanachemka kwenye jiko la mkaa. Gesi anaipenda, haimjazii masizi, ila kujaza mtungi ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo na hela yake inaingia kwa siku. "Kopo la mkaa nalimudu kila siku mwanangu. Mtungi mpaka nipokee mchezo."

Hilo la kupokea mchezo, yaani zamu yake ya kupewa fedha wanazochangiana, modeli yangu haikulijua kabisa. Nikazigawa kaya kufuatana na kipato kinavyoingia, kwa siku au kwa mwezi, nikaweka sharti kwamba malipo ya mkupuo yasizidi fedha iliyopo mkononi. Nikaruhusu pia kaya iwe na majiko mawili, maana ndivyo watu wanavyopika. Matokeo yakabadilika: ruzuku ya mtungi wa kwanza ilisogeza kaya chache, kwa kuwa kikwazo ni kujaza tena. Mita za gesi za lipa kadri unavyotumia ndizo zilizosogeza nyingi.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ukihesabu mitungi iliyogawiwa, yule mama ameshafikiwa. Kwa hiyo kabla hujachagua programu, weka maswali mawili kwenye dodoso lako: mtungi ulijazwa lini mara ya mwisho, na kabla ya hapo ulikaa mtupu siku ngapi?