Mgongo wa cherehani: jaribu yoga ya kupumzika

Pole sana dada yangu wa Ngamiani. Umesema unashona kutwa, jioni mgongo unawaka na usingizi hauji; nayajua hayo. Nimeshona miaka hapa Tanga. Kilichonisaidia ni yoga ya kupumzika, mazoezi ya polepole ya mwili na pumzi. Hujinyooshi kwa nguvu, mwili unabebwa na mito ya kulalia au kanga zilizokunjwa. Tandika mkeka, lala chali, makalio karibu na ukuta, miguu iegemeze juu. Kanga iliyokunjwa weka chini ya kiuno, nyingine funika macho. Kaa dakika 10, pumzi uitoe polepole kuliko unavyoivuta. Mapigo ya moyo hutulia. Wiki ya kwanza niliona napoteza muda, wewe vumilia. Ukiwa mjamzito au una presha ya macho, muulize daktari kwanza. Mguu ukifa ganzi, au maumivu yakishuka hadi unyayoni, nenda hospitali, usingoje.