Kapulingi ngumu haiponyi mashine inayopoteza vipimo

SWALI: Sisi ni maseremala wa Keko, Dar es Salaam, na tuna mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Mota zake ni za stepa, yaani zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo, na skrubu inasogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko. Kila meza inapogeuza mwelekeo tunapoteza kama milimita 0.2, kwa hiyo duara hazifungi vizuri. Fundi anasema kapulingi ya alumini yenye mikato ya mzunguko, yaani kiungo kati ya shafti ya mota na skrubu, inanepa, tuiondoe, tuweke kipande cha bomba la chuma na kukichomelea kwenye shafti. Tumsikilize?

JIBU: Hapana, na nawaomba msichomelee chochote. Ushauri huu nakutana nao kila mara, na unaua mashine nzuri kwa sababu mwanzoni huonekana umefaulu.

Tupige hesabu kwanza. Milimita 0.2 katika milimita 5 ni sehemu moja ya ishirini na tano ya mzunguko, yaani nyuzi 14.4. Kapulingi ya alumini inayosokotwa kiasi hicho kila meza inapogeuka ingekwisha kukatika kwenye mikato yake. Hasara yenu, basi, haitokani na kusokotwa kwa kapulingi.

Kapulingi ya aina hiyo ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: inastahimili kusokotwa, lakini ikivutwa au kubanwa kwa urefu inalegea kama springi. Haikukusudiwa kuizuia skrubu isitembee mbele na nyuma. Kazi hiyo ni ya beringi za mwisho wa skrubu, zinazopaswa kukazwa kwa jozi zisiache nafasi yoyote. Beringi hizo zikilegea, skrubu yenyewe husogea kabla ya meza kusogea. Mkiweka bomba gumu, skrubu itajiegemeza kwenye beringi za ndani ya mota, mchezo, yaani ule ulegevu wa kusogea bure, utapungua, na fundi atapongezwa. Lakini beringi za mota ya stepa kwa kawaida hushikiliwa na washa nyembamba ya springi tu, hazikuundwa kubeba msukumo wa meza, na zitakwisha mapema.

Pimeni hivi: wekeni dayali geji, kile kipimo cha mshale kinachoonyesha msogeo mdogo sana, kwenye ncha ya skrubu, kisha geuzeni mwelekeo. Ncha ikisogea, tengenezeni beringi. Isiposogea, chora mstari wa kalamu unaovuka kutoka kapulingi hadi shafti, fanyeni kazi, halafu mtazame kama mstari umeachana. Ukiachana, kapulingi inateleza. Yote mawili yakiwa salama, kagueni nati ya skrubu.

Kama inateleza, nunueni kapulingi inayobana shafti pande zote kwa boliti, si ile yenye skrubu ndogo inayochoma shafti sehemu moja, kwa maana hiyo hulegea pale mota inapogeuka mara nyingi. Kwa mashine ya kuchonga mbao kama yenu, yenye mishtuko na mtetemo, ningechagua ile ya meno yenye mpira mgumu katikati, mradi meno yaingie kwenye mpira kwa kubanwa. Yakiingia kwa ulaini, mchezo umeshaanza siku ya kwanza. Kapulingi ya bomba jembamba la chuma lenye mikunjo kama mvukuto ni bora zaidi kwa usahihi, lakini haisamehi ajali wala ufungaji wa haraka.

Wauzaji nao wana kosa lao, kwa kuwa hutaja nguvu ya msokoto tu. Ulizeni pia ugumu dhidi ya msokoto, na kiasi cha kupotoka kwa shafti kinachoruhusiwa. Kiasi hicho hutolewa kwa kila aina ya kupotoka peke yake: shafti zikiwa zimepishana kwa upande hadi kikomo, hakuna tena nafasi ya kuinama kwa pembe. Anayekuambia kuwa kapulingi laini inaondoa haja ya kupanga shafti anakuuzia beringi za mwaka ujao.

Kuhusu kuchomelea, joto hupinda shafti na kulegeza ugumu wa uso wa skrubu, huweza kudhoofisha sumaku za mota, na mkondo wa umeme ukipita kwenye beringi huacha mashimo madogo yasiyorekebishika. Shafti zisizokaa kwenye mstari mmoja zilizofungwa kwa bomba gumu huinamishana kila mzunguko, mpaka shafti ya mota ikatike. Fundi anayependekeza hivyo kabla ya kuweka geji hata mara moja hajapima kitu, na mashine ya watu haipaswi kukabidhiwa mikononi mwake.