Boxer, Breki na Saa za Mwanga: Maswali Yenu Kuhusu Kupanda Usambara Peke Yako kwa Pikipiki

Mwezi huu meseji karibu zote zinauliza kitu kimoja, Lushoto kwa pikipiki, nadhani sababu masika yameisha na watu wanaanza kuhesabu likizo. Nimechagua chache ambazo zikijibiwa zinabeba na za wengine. Asanteni kwa kuandika.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi kijana niko Tanga mjini nafanya kazi dukani, nna Boxer 150 nimeinunua mkononi, kwa sasa naitumia kwenda kazini tu. Mwezi wa saba nna likizo ya siku tano nataka kutoka mwenyewe bila kundi, nipite Muheza na Korogwe nipande Lushoto mpaka Mtae. Washkaji wananicheka eti hiyo pikipiki ya bodaboda itafia mlimani. Je itapanda? Na nikitoka alfajiri siku hiyohiyo nafika Mtae?

JIBU: Itapanda mdogo wangu, wala usiwasikilize. Bodaboda wa Lushoto wanapanda kila siku na Boxer na TVS hizohizo wakiwa na abiria nyuma na gunia la viazi juu ya tenki, sasa wewe uko peke yako na begi moja. Injini utaiona nzito kidogo, Lushoto mjini tu iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na ukielekea Magamba unazidi kupanda, hewa inakuwa nyepesi kwahiyo nguvu inapungua, basi unashusha gia unakwenda mdogo mdogo.

Wasiwasi wangu mimi uko kwenye kushuka. Mombo mpaka Lushoto ni kilomita kama 33, ni lami, njia ilichongwa enzi za Mjerumani, upande mmoja ukuta wa mwamba upande wa pili korongo, na ni nyembamba kiasi kwamba ukikutana na Fuso la kabichi kwenye kona mmoja wenu lazima asogee, na atakayesogea ni wewe. Sasa watu wa pwani hatujazoea mteremko mrefu, tunashuka tumekanyaga breki mwanzo mwisho. Breki ya nyuma ya Boxer ni ya dramu, ndani kuna shuu mbili zinasuguana na chuma, ukizikandamiza dakika kumi mfululizo zinapata moto na zikishapata moto hazishiki tena, unakanyaga mguu unazama halafu pikipiki inaendelea kwenda tu. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama: gia uliyopandia kilima ndio gia ya kushukia. Kama ulipanda na gia ya pili shuka na ya pili, acha injini ndio ikushikilie, breki unagusa na kuachia, unagusa na kuachia. Usiweke frii, usizime injini eti unabana mafuta. Na piga honi kila kona usiyoona mbele, huko sio utovu wa adabu, wenyeji wote wanapiga.

Kabla hujatoka peleka kwa fundi afungue dramu ya nyuma akuonyeshe shuu kwa macho yako, usikubali kuambiwa tu "ziko poa." Cheni iwe na ulegevu wa sentimita mbili au tatu hivi, ukiikaza sana huko kwenye mashimo itakata. Waya wa klachi nunua mpya, afu mwambie fundi aupitishe kabisa sambamba na ule wa zamani aufunge kwa selotepu, ukikatika unahamisha ncha mbili tu dakika chache unaondoka, hutafungua tenki barabarani. Beba tyubu, pachi, pampu ya mkono, plagi na spana zake. Fundi utampata kila kituo chenye kijiwe cha bodaboda, ila kati ya kituo na kituo fundi ni wewe.

Kuhusu Mtae kwa siku moja, hapana, usifanye hivyo. Tanga mpaka Lushoto ni zaidi ya kilomita 150, Mtae iko kama 60 mbele yake na sehemu kubwa ni vumbi na kona, hesabu masaa matatu kama huna haraka. Watu wengi wanapanga safari ya mlimani kwa kilomita wakati inapangwa kwa saa za mwanga. Mwezi wa saba jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, ila kwenye mabonde kivuli kinaingia mapema zaidi, ukungu unashuka, na taa ya pikipiki ikipiga kwenye ukungu inakurudishia weupe machoni. Kwahiyo jiwekee sheria, saa kumi jioni pikipiki imepaki na wewe umeshika chai. Ikifika saa kumi uko popote pale, Soni, Lukozi, popote, tafuta gesti hapohapo.

Na ukienda hivyo ndio utaiona njia yenyewe. Kutoka Muheza una mashamba ya mkonge, ile mistari iliyonyooka mpaka macho yanauma, unapita Hale, ukifika Segera unakata kulia unaingia Korogwe, kula hapo. Mombo jaza tenki. Halafu panda mpaka Soni usipite moja kwa moja kama mabasi yanavyofanya. Soni ni kamji kadogo kenye maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara, simama, nunua peasi au plamsi kama ni msimu wake, keti na wazee. Karibu na hapo ndio Vuga, makao ya wafalme wa Kilindi waliotawala Usambara, ukoo wa kina Kimweri, na wazee wa Kisambaa wakiona unasikiliza kwa heshima watakusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyekuja akawaua nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mashamba, watu wakamfanya mfalme. Kuisikia habari hiyo umekaa Soni kwenyewe, milima imekuzunguka, kwangu mimi inazidi picha elfu za Instagram.

Siku ya pili lala tena Lushoto, asubuhi nenda Irente, kilomita kama sita, ule mwamba unaotazama Mazinde na mbuga yote kule chini, barabara kuu unaiona kama uzi. Siku ya tatu ndio Magamba, Malindi, Lukozi mpaka Mtae ukalale hukohuko. Usiku wa mwezi wa saba huko ni baridi ya kweli, sio baridi ya Tanga, beba sweta na soksi nzito na glavu, vidole vikifa ganzi hata breki huwezi kuminya.

SWALI: Samahani dada, huko juu petroli inapatikana? Au nibebe kwenye dumu?

JIBU: Mombo na Lushoto kuna vituo, mbele ya hapo utategemea zaidi petroli ya chupa inayouzwa vibandani. Pikipiki ya 150 ikiendeshwa kistaarabu inakwenda kilomita 40 kwa lita au zaidi, kwahiyo ukitoka Lushoto tenki limejaa unakwenda Mtae na kurudi bila kuomba mtu. Ukilazimika kununua ya chupa inyanyue kwenye mwanga kwanza, kama kuna maji yatakuwa yamekaa chini yamejitenga, na inuse kama haina harufu ya mafuta ya taa. Ikishaingia mbovu na pikipiki ikaanza kukohoa, chini kabisa ya kabureta kuna skrubu ndogo, ilegeze uchafu na maji vimwagike kidogo halafu kaza, mara nyingi inatosha. Injini iwe imepoa lakini, na mwenye sigara akae mbali. Dumu la petroli nyuma ya kiti mimi sishauri kabisa.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi msichana wa miaka 26 niko Moshi, nna leseni na TVS yangu mwenyewe. Nataka kwenda Lushoto na Mlalo peke yangu ila mama amekataa anasema mwanamke hatembei peke yake na pikipiki, watu watanionaje, nitalala wapi. Naomba uniambie ukweli kama ni hatari.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ntakwambia ukweli, na mama pia msomee.

Hatari kubwa iko kwenye barabara kuu, kabla hata hujaona mlima. Kutoka Moshi unapita Same na Mkomazi, pale kuna upepo wa ubavuni unaoweza kukuhamisha nusu ya njia, na mabasi yanapita kwa kasi, likikupita linakata upepo kwa sekunde halafu unarudi wote kwa mkupuo. Shika usukani vizuri lakini usikaze mikono, lala kidogo mbele, mwendo wa 60 unatosha. Toka saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujakolea. Kwenye vibao vya 50 nenda 50, trafiki wenye tochi wapo, ila zaidi ya faini kuna watoto wanavuka.

Upande wa watu, mimi mwanamke nimetembea hizo njia na nilichokutana nacho zaidi ni maswali. Wataulizia mume, wataulizia kama unaogopa, kina mama sokoni watakushika mkono wakwambie mwanangu pole na safari. Jibu kwa adabu, salimia wakubwa shikamoo kabla ya kuuliza njia, tembea na kanga au mtandio kwenye begi, ukishuka kwenye pikipiki unajifunga, suruali inasahaulika. Ukifika mahali pa kulala fika mchana. Lushoto na maeneo yake kuna nyumba za wageni za masista na za Kanisa la Kilutheri, safi, geti linafungwa usiku na bei inavumilika, mama akisikia unalala kwa masista nadhani nusu ya vita imeisha. Kama ni gesti ya kawaida omba kwanza kuona chumba, jaribu komeo mwenyewe, uliza pikipiki inalala wapi, na usitaje namba ya chumba mbele za watu. Ukiona hupapendi ondoka bila kueleza sababu, huna deni na mtu.

Na mtoe mama wasiwasi kwa vitendo. Mwandikie kwenye karatasi utalala wapi kila siku, mpe namba ya hapo mahali, kubalianeni saa moja maalum ya kupiga simu kila jioni. Kuna mabonde mtandao haukamati kwahiyo piga kabla hujaingia, usimwambie ntakupigia nikifika halafu ukae kimya masaa manne, atalia bure. Mama hajakosea kuogopa, anakupenda, ila anaogopa kitu ambacho hajakiona. Mchukue siku moja nyuma yako mpaka Marangu na kurudi, taratibu, aone unavyosimama kwenye kona na unavyoangalia kioo.

Mlalo usikose. Nyumba zimepandana kwenye mlima, nyingine zina roshani za mbao, na kuna misheni ya Kilutheri ya tangu 1891. Huko mbele njia zinagawanyika, ya Mlalo na ya Mtae, uliza usibahatishe. Ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza vibaya, usione aibu kusubiri kibarazani hata siku nzima.

SWALI: Sasa dada, niko Mombasa, nataka kuvuka Horohoro na pikipiki yangu nifike Lushoto via Tanga. Nahitaji nini kwa boda?

JIBU: Karibu sana ndugu yangu. Pasipoti yako au hati ya muda ya kusafiria, kadi ya pikipiki yenye jina lako, leseni, na bima ya Yellow Card ya COMESA ambayo unaikata hukohuko Kenya kabla hujatoka, Tanzania inaitambua. Ukifika forodha unaomba kibali cha muda cha kuingiza chombo, soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa na uirudishe siku unayotoka. Kama pikipiki ina jina la mtu mwingine tembea na barua yake iliyothibitishwa na wakili. Horohoro mpaka Tanga ni kilomita kama 65 lami tupu, lala Tanga ule samaki, asubuhi endelea. Kofia ngumu ni lazima hata kwa kilomita moja.

SWALI: Mimi mzee mstaafu, nina Honda XL 125 ya siku nyingi, bado inapiga kazi. Lushoto naijua. Kuna njia nyingine ya kurudi bila kushukia Mombo? Na Amani vipi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ipo, na kwa XL ndio mahali pake hasa. Ukifika Soni usishuke, kata kwenda Bumbuli, mbele kuna mashamba ya chai, halafu njia inakwenda Dindira inashuka Korogwe. Ni vumbi na ina miteremko mikali, kwahiyo ni ya kiangazi tu, na uliza pale Soni asubuhi hiyohiyo kama magari yanapita, sababu mvua moja kubwa inaweza kubeba kipande. Tenga siku nzima, magari ni machache kwahiyo beba maji na mkate, na yale niliyomwambia kijana wa Tanga kuhusu gia ya kushukia yanahusika zaidi huku.

Amani unaingilia Muheza, ni upande wa Usambara ya mashariki, msitu mwingine kabisa, mnene na wa unyevu. Wajerumani waliweka kituo cha utafiti wa mimea pale 1902, na bustani yao bado ipo na miti kutoka dunia nzima, mikubwa ajabu. Tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia, kwahiyo kuna ada ya kuingia unalipia geti la Sigi. Hapohapo kwenye hiyo milima kuna yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanayapanda madirishani kwao, yanaota kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji. Muombe muongoza wageni akuonyeshe, usiyang'oe. Kutoka getini kupanda Amani yenyewe kuna mawe na kona za kubana, kama magoti yako yanasumbua acha pikipiki Sigi upande na gari.