Majaribio yamepita kwako? Yarudie kwenye chumba kitupu

Majaribio 41 ya programu yangu ya Python, yote kijani, yaani yamepita. Nikafunga laptopu, nikapanda basi la Morogoro kwenda kuisakinisha kwa chama kimoja cha akiba na mikopo: inakokotoa marejesho. Mhasibu wao, mama wa makamo, akabofya. Dirisha jeusi likafunguka. "Mwanangu, mbona imetapika Kizungu tu?"

Mstari wa mwisho ulisomeka: ModuleNotFoundError: No module named 'dateutil'.

Yaani Python imeikosa dateutil, maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine) ambayo programu yangu inaitumia. Maktaba hiyo sikuwahi kuisakinisha kwa mkono wangu. Ilikuja kwangu imeandamana na pandas, maktaba ya kuchambua data niliyoiweka kwa kazi nyingine kabisa. Python ikawa inaikuta, majaribio yanapita, na kwenye requirements.txt, orodha ya maktaba za kusakinisha, haimo. Kumbe miezi yote ile nilikuwa naipima laptopu yangu.

Siku hizi kila mradi wangu una mazingira pepe yake, yaani folda ya pekee yenye maktaba za mradi huo tu. Hugharamiki chochote: venv imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Ndani ya folda ya mradi unaandika python3 -m venv .venv, kisha source .venv/bin/activate (Ubuntu huenda ikakudai kwanza kifurushi cha python3-venv). Watumiaji wa Debian 12, ndugu yake Ubuntu, wanalalamika kwamba pip, kisakinishaji cha maktaba za Python, inagoma kusakinisha nje ya mazingira hayo, basi wanaibandika --break-system-packages, yaani "vunja vifurushi vya mfumo". Jamani, si imejieleza yenyewe?

Sasa mtego ulioninasa mara ya pili. Niko ndani ya mazingira masafi, nimeyawasha, naandika pytest, amri ya kuendesha majaribio, kijani tupu. Raha! Baadaye nakumbuka humo sijaweka pytest. Terminali iliikosa ndani ikaenda kuchukua ile ya ~/.local/bin, nayo ikaja na Python ya nje pamoja na takataka zake zote. Andika python -m pytest. Kama haimo, utaambiwa haimo.

Na hayo mazingira nayo huchafuka. Wiki tatu za kujaribu hiki na kile zinatosha kurudisha ugonjwa uleule. Kabla ya kukabidhi kazi mimi nafuta .venv nzima na kuanza upya. Usiogope bando: pip huhifadhi ilivyokwisha kupakua, kwa hiyo mara ya pili vingi vinatoka kwenye diski.

Ukichoka kufanya kwa mkono, ipo tox. Inajenga mazingira chini ya folda ya .tox, inaisakinisha programu yako humo, ndipo inaendesha majaribio, tena kwa matoleo kadhaa ya Python, mradi yawe kwenye mashine yako. Ndiyo iliyonifichulia kwamba mradi wangu mmoja wa zamani ulitegemea distutils, maktaba ya Python yenyewe iliyoondolewa kwenye toleo la 3.12. Ila haianzi upya kila mara. Ukitaka hivyo ongeza -r kwenye amri. Na jaribio linalosoma DATABASE_URL, anwani ya hifadhidata, likianguka ghafla, usipekue msimbo usiku kucha kama mimi: tox huficha vigeu vya mazingira (thamani kama hiyo ambazo programu huzisoma kutoka kwenye mfumo) usivyovitaja kwenye pass_env ya mipangilio yake.

Kuna ambalo venv haigusi kabisa: mfumo endeshi. Mimi natumia Ubuntu, mama mhasibu Windows. Nilinunua laptopu ya mtumba yenye Windows, bawaba moja imelegea, na sikati tiketi ya basi kabla programu haijawaka humo.