Kuhusu hiyo karatasi ya kazini

Zuhura mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza usaini karatasi ya "kuondoka kwa hiari" upewe mshahara wa miezi miwili, au ukatae. Mimi nauliza: walikaa nanyi lini kuwaambia wana nia ya kupunguza watu? Maana unasema mliitwa mmoja mmoja Jumatatu, na majina yameshachapwa. Hapo mnashauriana nini tena?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, babako kanisomea kwa sauti (miwani yangu ameikalia tena). Mwajiri atoe taarifa ya nia, aseme sababu, mshauriane kabla: je, hakuna njia ya kuepuka? Wanaopunguzwa wanachaguliwa kwa vigezo gani? Viulize, tena kwa maandishi. Saini haina haraka.

Sisi kule kiwandani hatukuwa na wa kutusomea. Orodha ilibandikwa mlango wa stoo, tukasukumana. Wa kumi na nne: "Mwajabu", halafu jina la babu yako. Mwajabu! Nikafurahi, wallahi, nikajua si mimi. Nikakimbilia kwa karani nimwonyeshe kosa. Akachomoa kalamu, akakata "Mwajabu", akaandika "Mwajuma", akanigeuzia karatasi. "Haya, saini." Nikasaini nimesimama, sijasoma hata mstari mmoja.

Babako anasema hata ningesoma, kiwanda kilikuwa kinakufa. Kweli kilikuwa kinakufa. Lakini mama Sele alisema anampelekea mumewe akaisome, mume mwenyewe herufi hazijui! Aliporudi wiki ya pili wakamwongezea nauli na pesa ya mizigo mpaka kwao Kigoma. Labda hata angesaini siku ile wangempa. Labda. Mimi sikupewa, Tunduru sikurudi, ndiyo maana wewe umekulia Kihonda. Basi, si kwamba najuta Kihonda.

Na hiyo miezi miwili usiione nyingi. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10. Yako 6, siku 42. Wanataka utoke Ijumaa, basi na notisi ya siku 28 wailipe. Likizo hujaigusa bado. Hesabu mwenyewe.

Wakikuachisha, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiwa umesaini "kwa hiari", msuluhishi utamwambia nini? Sisemi usisaini. Una mtoto, una kodi ya nyumba, wa kuamua ni wewe. Hapa nilikuwa nimeandika sentensi mbili, nimezifuta. Ila saini haina haraka, hilo silifuti.

Nitumie tena picha ya karatasi, kurasa zote, hata za nyuma. Pigia nje kwenye mwanga. Ile ya jana kivuli cha kidole chako kimeangukia tarehe.

Mamako