Maswali na Majibu: Saa ya Mnara wa Prague

Maswali ya safari hii yanahusu Orloj, saa ya falaki iliyojengwa ukutani mwa mnara wa jumba la halmashauri ya Mji Mkongwe, Prague, nchini Cheki.

Ni kweli fundi wake alipofushwa macho ili asitengeneze nyingine?

Hapana. Hadithi hiyo husimuliwa juu ya fundi Hanuš, ambaye ni wa miongo kadhaa baadaye. Hati ya tarehe 9 Oktoba 1410 inamtaja Mikuláš wa Kadaň kuwa ndiye mtengenezaji. Mahesabu ya nyota huhesabiwa kuwa kazi ya Jan Šindel, mwalimu wa hisabati na falaki katika chuo kikuu cha Prague. Inauma kwamba wageni huondoka wakimkumbuka Hanuš, na Mikuláš hawamjui.

Mbona ina namba za kila aina? Nisome zipi?

Za Kirumi ni saa za kawaida za Ulaya, I hadi XII mara mbili, adhuhuri ikiwa juu. Pete ya nje ina namba 1 hadi 24 za rangi ya dhahabu, na hesabu yake huanzia machweo, kama siku yetu inavyoanza magharibi. Kwa kuwa jua halizami wakati mmoja mwaka mzima, pete hiyo husogezwa mbele na nyuma, ili 24 ikae pale jua linapozamia.

Ndani kuna mistari ya dhahabu iliyopinda. Hiyo huugawa mchana, tangu macheo hadi machweo, mafungu 12. Fungu la sita likiisha ni adhuhuri. Msomaji aliyezoea saa sita mchana hatapata taabu hapo. Kinachotutofautisha ni urefu: huku kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, lakini Prague fungu moja hufika takriban dakika 80 mwezi Juni na kushuka hadi takriban 40 mwezi Desemba.

Mwezi wake huonyesha sawasawa?

Ukiachwa peke yake, hapana, na sababu iko kwenye meno ya gia. Kuna magurudumu matatu makubwa: la nyota lina meno 365, la jua 366, la mwezi 379. Yote husukumwa na gia ndogo zinazofanana, zenye meno 24 kila moja, zilizoko kwenye mhimili mmoja. Gurudumu lenye meno machache humaliza mzunguko mapema, hivyo la jua likitumia saa 24, la nyota hutumia saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na huo ndio muda ambao nyota hurudi pale pale angani, hesabu safi kabisa. La mwezi huachwa nyuma ya jua meno 13 kila siku. Gawanya 379 kwa 13, unapata siku 29.15, ilhali mwezi halisi hurudi upya kwa siku 29.53. Mwezi wa saa hii humtangulia ule wa angani kwa takriban saa tisa katika kila mzunguko, na lazima mtunzaji aurekebishe kwa mkono.

Sanamu za mitume wa Yesu zinazopita madirishani juu ya saa ni za tangu 1410?

Hapana, ziliongezwa karne nyingi baadaye. Hupita kila saa kamili, kuanzia asubuhi hadi usiku.

Vita viliiharibu?

Ndiyo, Mei 1945. Majeshi ya Ujerumani yalilipiga jumba hilo mizinga, mitambo ikaharibika na mitume ya mbao ikaungua. Vojtěch Sucharda alichonga mingine, na saa ikatembea tena mwaka 1948.